Njia ya Ndani na Jumba la Watu Wote

Jumba la watu wote lina milango minne, na yote minne yatazama barabarani. Wageni wanaokuja Mji wa Kale hulisifu kwa milango hiyo. Husema, tazameni lilivyo wazi, kila mtu aingia. Mimi nikiwasikia huinamisha kichwa, maana siku watu wa mtaa walipoulizwa jumba lijengwe vipi nilikuwapo, na kalamu nilikuwa nayo mimi.

Wakati huo vita vikubwa vimekwisha si zamani, na mimi nilikuwa msomi kupita wasomi wote walioko baina ya Ngome na Makupa. Mchana nilipima vitambaa katika duka la tajiri mmoja wa Kihindi, Mwislamu mwenzetu, na magharibi nikishapiga uso maji nilikwenda skuli ya usiku. Miaka mitatu nilikalia benchi isiyokuwa na mgongo, juu yangu karabai ikiunguruma, mpaka nikawa naota kwa Kiingereza, na ndoto zenyewe hazina makosa. Nilipopewa cheti nilikitia mfuko wa kifuani mwa kanzu. Nikikutana na mtu asiyejua kusoma nilimwonyesha. Nikikutana na ajuaye, nilimwonyesha mara mbili. Kikachakaa mikunjoni kabla ya mwaka kwisha.

Tulikaa mimi na mamangu peke yetu, babangu kesha kufa, katika uchochoro mwembamba hata paka wawili wakikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume. Mamangu alikuwa amepooza. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilimgomea mwezi wa Ramadhani, ukabaki ulimi mzima, nao ukachukua kazi ya viungo vilivyolala. Alikuwa akiweza kumgombeza mwuza mkaa aliyeko pwani na yeye yuko kitandani, na mwuza mkaa akapunguza bei.

Lakini kuna mambo ulimi hauwezi kumfanyia mtu. Kila sala ilitaka ainuliwe, asafishwe, atiwe udhu. Mwana wa kiume hamsafishi mamake, na mwanamke wa kumwajiri nilimleta nikaona akirudishwa mlangoni kabla hajaweka mtungi chini. Mamangu alisema mikono ya kumgusa ni ya dadake, basi. Dadake huyo, mama mkubwa wangu, aliolewa na mwalimu wa chuo cha Kurani na alikuwa akikaa nyuma yetu. Alikuja mara tano kwa siku na kopo lake. Alipomaliza humwelekeza mamangu kibla, akarudi kwake kuangalia chungu.

Nasema nyuma yetu, lakini ukienda kwa barabara hapakuwa karibu. Lazima uzunguke, upite mbele ya msikiti, upite penye wauza samaki, upite baraza mbili zilizojaa wanaume wanywao kahawa tangu alfajiri. Wanawake wa nyumba zetu hawakupita huko mchana. Walitoka baada ya magharibi, na buibui. Mama mkubwa tangu kuolewa hakuwahi kuikanyaga barabara ile na jua liko juu.

Alipita gofuni. Baina ya nyumba yetu na yake palikuwa na nyumba ya mawe iliyoanguka dari zamani za babu, wenyewe wamehamia Unguja na hawana habari nayo. Zilibaki kuta, nyasi, na mpapai mmoja. Milango ya uani ya nyumba saba ilifunguka humo. Wanawake waliita njia ya ndani, na humo walipita na vyungu vyao, na watoto wao, na habari zao, toka asubuhi mpaka jioni, wala nje hakuna aliyesikia hata kisigino. Mimi nilipita humo mpaka miaka saba, na siku niliyokatazwa nililia machozi ya kujaza birika la msikiti. Tangu hapo nikawa kama wanaume wengine. Palikuwa na ufa kwenye ukuta wa gofu upande wa uchochoro, na mwanamme akifika pale alikohoa, akatazama upande wa pili, akapita. Hakuna aliyefundishwa hivyo kwa maneno. Hata hiyo njia yenyewe hatukuwa tukiitaja. Tulikuwa tukiijua kwa kutoitazama.

Siku moja karani wa ofisi ya mji alikuja kubandika ramani kubwa kwenye ukuta wa skuli. Litajengwa jumba la watu wote, na watu wote wametakiwa watoe maoni. Mwenye neno aliandike alilete, au aje mwenyewe mkutanoni. Ni jambo jipya kabisa. Mpaka siku hiyo ofisi ilikuwa ikijenga kwanza kisha ikatuuliza kwa nini tumelalamika.

Nilisomea watu ramani ile mara arubaini, na kila mara sauti yangu ilizidi unene. Chumba cha kusomea magazeti na vitabu. Chumba cha redio. Darasa la usiku, lenye taa za umeme. Ukumbi wa harusi na mikutano. Nikaweka kidole mahali ambapo jumba litasimama, na kidole kikawa juu ya gofu letu. Pale pameandikwa kwamba ni kiwanja kitupu. Nikasoma hayo pia, kwa sauti ile ile.

Wanaume wa mtaa walikutana barazani kwa siku tatu mfululizo. Kahawa iliyonyweka pale ingetosha meli ielee. Tajiri wangu alisema malori ya mawe yataziba mlango wa duka. Mwingine akasema ngoma na redio zitaingia msikitini. Mwingine akasema mfereji wa maji machafu ni mdogo, jumba likijaa watu tutaogelea. Mwingine alilalamikia urefu wa ukuta, kuwa utamzibia upepo.

"Na jambo jingine?" niliuliza, kalamu juu.

Mume wa mama mkubwa, mwalimu wa chuo, alikuwa amekaa mbele yangu akivuta tasbihi. Akatazama kikombe chake. Wote wakatazama vikombe.

"Andika hayo," akasema. "Hayo yatosha."

Tulikuwa watu kumi na tano au zaidi, na kila mmoja kwake kuna mlango unaofunguka gofuni au ana dada mwenye mlango huo. Kila mmoja alikuwa akiliwaza lile lile. Lakini usimame mbele ya watu useme mkeo hupita wapi, na saa ngapi, na amechukua nini? Ni sawa na kumvua buibui kwa mkono wako mwenyewe. Kila mtu alingoja mwenzake akose adabu kwa niaba yake.

Jioni hiyo nilimkuta mama mkubwa kwetu, anamwosha mamangu miguu. Nikasimama nje ya pazia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuchagua wewe useme?"

"Wamenichagua."

"Wangemchagua nani," akasema mamangu kitandani. "Mtaa mzima ni wewe tu utembeaye na karatasi kifuani. Nauliza, wasemaje juu ya njia?"

"Hatujaifikia bado."

"Hamtaifikia," akasema mama mkubwa. "Mume wangu hajaitaja hata chumbani kwangu, ataitaja mbele ya Mzungu?"

"Mama mkubwa, ni aibu."

"Aibu ya nani? Mpitaji ni mimi, na mimi ndiye nikuambiaye sema. Sema kuna wanawake wapitao pale kwenda kwa wagonjwa wao. Usimtaje mtu. Waachie hao na jumba lao, watuachie ushoroba tu ubavuni. Upana wa mtu na ndoo. Watashindwa na hilo?"

Nikasikia maji yakimiminwa beseni.

"Mimi sitaki mengi, baba," akasema mamangu, na sauti yake haikuwa ile ya kumgombeza mwuza mkaa. "Nataka adhuhuri yangu niipate kwa wakati wake. Na alasiri."

"Nitawaambia," nikasema. Wallahi nilikusudia.

Niliandika barua ya kurasa kumi na moja. Haikupata kuandikwa barua kama ile tangu Mreno aondoke. Mlikuwamo mfereji, mlikuwamo upepo, mlikuwamo msikiti, mlikuwamo malori, na maneno mengine makubwa niliyokuwa nimeyaweka miaka mitatu nikitafuta pa kuyatumia. Njia ya ndani niliiacha niiseme kwa mdomo. Nilijiambia kwa mdomo itakuwa na heshima zaidi.

Mkutano ulikuwa skulini, baada ya sala ya alasiri. Bwana wa ofisi, Mzungu, alikuja kutoka Kizingo kwa motokaa, ikamshinda kwenye uchochoro wa kwanza, akatembea kwa miguu na kofia mkononi. Ningependa kuwaambia alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini alikuwa mpole, mwenye jasho jingi, na alikuwa na daftari ambalo alikuwa akiandika kweli. Nilisimama ubavuni mwake, nikafasiri.

Alieleza habari ya jumba. Akasema wanawake nao hawakusahauliwa, watatengewa siku yao ya kushona, kila Alhamisi saa nane mchana, waingie kwa mlango wowote waupendao. Wanaume wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu. Kisha akasema chumba cha vitabu kitataka mtu wa kukitunza, kijana wa mtaa huu huu, ajuaye lugha zote mbili. Akanitazama, akatazama kurasa zangu kumi na moja. Hayo sikuyafasiri upesi. Nilitaka kwanza niyasikie mwenyewe.

Basi nikasoma. Nilipofika msikiti, akaandika: ngoma na redio zitanyamaza nyakati za sala. Nilipofika mfereji, akaandika: mfereji utapanuliwa. Ukuta ambao ungeziba upepo ukapunguzwa pale pale, kwa penseli, mbele ya macho yetu. Malori yatakuja asubuhi tu, kabla duka halijafunguliwa. Tajiri wangu akanipiga bega. Hakuna tuliloliomba tusipewe. Hilo ndilo lililonikaa kooni tangu siku ile: mtu yule angeombwa mlango mmoja angeuchora na bawaba zake.

Akafikia kufunga daftari, kisha akalifungua tena.

"Jambo la mwisho," akasema. "Kile kiwanja chenyewe, je, kuna mtu akitumiaye sasa, kwa lolote?"

Nikafasiri. Nilifasiri sawasawa, neno kwa neno, na nilisema kwa sauti ya kutosha.

Ukimya ulioshuka nimeusikia mara mbili tu, siku ile na siku ya kumzika babangu. Mwalimu wa chuo aliacha tasbihi ikae pajani. Watu wazima, wenye ndevu na majumba, walitazama viatu vyao. Mmoja alikohoa, kile kikohozi chetu cha kupita gofuni, nami nikajua kwamba wote tulikuwa tumesimama penye ule ufa na tumegeuza nyuso.

Bwana wa ofisi alikuwa akinitazama mimi. Yale maneno ya mama mkubwa nilikuwa nayo, yameshafasiriwa, yako tayari ulimini. Nikaona nitakavyokuwa: kijana aliyesimama mbele ya Mzungu akatangaza njia za mama zao. Na nikakiona chumba cha vitabu, na ufunguo wake.

"Hakitumiki, bwana," nikasema. "Huingia mbuzi tu."

Akaandika. Nikawafasiria wenzangu nilivyojibu, nao wakacheka, cheko la watu walioponea chupuchupu. Mwalimu wa chuo alinishika mkono akaushikilia. "Umetusitiri," akasema.

Nyumbani mamangu alikuwa macho.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema ramani imekwisha kupigwa muhuri Nairobi. Haibadiliki."

"Uliwaambia kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

"Basi umefanya la kwako," akasema.

Malori yalipita Makupa na mawe yao, yakafika mapema kabla duka halijafunguliwa, kama tulivyoahidiwa. Mpapai ulianguka siku ya kwanza. Ukuta wa jumba ulipanda sambamba na nyuma za nyumba zetu, na milango saba ya uani ikawa yafunguka nusu, ikagota. Upepo haukuzibwa. Mfereji ulikuwa mpana ajabu.

Siku ya kwanza njia ilipofungwa, mama mkubwa alikuja kwa barabara. Ilikuwa adhuhuri, jua la kukaanga samaki bila mafuta. Mimi nilikuwa barazani na wenzangu nikinywa kahawa kabla ya kwenda kula. Tukamwona anatokea kwenye kona ya wauza samaki, buibui mpaka chini, kopo mkononi. Tuligeuka, mmoja baada ya mwingine, tukatazama ukuta tuliouegemea, kwa heshima yake. Nilikuwa nausoma ule ukuta, chokaa yake na nyufa zake, nilipousikia ukanda wa kiatu chake ukikatika. Akasimama katikati ya barabara. Nilisikia anainama, anavua, anaweka kopo chini, analiokota. Wanaume kumi na mbili, nami mmoja wao, tumempa visogo. Kisha nyayo, moja na kiatu na moja bila kiatu, zikaendelea mpaka kwetu.

Alikuja hivyo siku nne. Siku ya tano watu walimwendea mumewe kwa maneno laini, kuwa si kwamba wanamlaumu, lakini kila siku watu wazima wanalazimika kugeuka. Mwalimu wa chuo akamwambia mkewe yatosha. Kumhamishia mamangu kwao haikuwezekana, kwa kuwa mume wa dadake si maharimu yake, na yule alikuwa mtu wa kuyaangalia hayo zaidi ya wote.

Ikawa mama mkubwa yuwaja alfajiri kabla hakujapambazuka, na tena baada ya magharibi. Kati ya hapo mamangu alilala kama alivyoachwa. Adhuhuri ikiadhiniwa nilimkuta ametazama dari, midomo imefungwa. Hakuwa msafi, hivyo hakusali. Alasiri vilevile. Usiku ukiingia, dadake akishamsafisha, alizisali zote kwa mpigo, zilizopita na zilizopo, kwa ishara ya kidole cha mkono wa kushoto. Katikati alichoka akapotea rakaa, akaanza upya.

Kazi ya chumba cha vitabu niliipata. Meza yangu iliegemea ukuta wa nyuma, na upande wa pili wa ukuta ule ulikuwa uani kwetu. Hapakuwa na mtu Mombasa nzima aliyefanya kazi karibu na mamake kuliko mimi. Saa sita mchana, wasomaji wakipungua, nilimsikia akikohoa. Vitabu nilivipanga vizuri mno. Bwana wa ofisi alikuja akavisifu.

Mamangu naye alinisifu. Kila mgeni aliyekuja jioni kumtazama alisimuliwa, na uongo wangu ukanenepa kinywani mwake mpaka nikautambua kwa shida. Mwanangu alisimama, alikuwa akiwaambia. Alipiga meza. Alimwambia yule Mzungu, bwana, hapa wapita mama zetu. Mzungu kalamu ikamdondoka. Wanaume wengine wote walinyamaza, waulizeni waume zenu. Mwanangu peke yake ndiye aliyesema. Wageni wakasema mashallah, na wengine walitazama chini, kwa kuwa waume zao walikuwa wamewaeleza.

Mama mkubwa alielezwa siku ile ile. Mumewe alirudi nyumbani akicheka habari ya mbuzi. Mama mkubwa alijua yote, tangu jioni ya kwanza, na hakumwambia dadake.

Mara moja tu aliniita. Chumba kilikuwa na wageni wawili au watatu, wanawake wa nyumba zile zile saba, na mamangu amefika kwenye kupiga meza akapungukiwa na pumzi. Mimi nilikuwa nje ya pazia kama kawaida.

"Njoo, mwanangu," akasema mama mkubwa. "Mamako amechoka. Hebu waambie wewe mwenyewe. Wewe ndiwe uliyekuwapo."

Wageni wakajitanda, nikaingia. Alikuwa amepiga magoti mwisho wa kitanda anamkamulia mamangu kitambaa cha miguu. Macho yake yalikuwa juu yangu. Nikaanza. Nilieleza skuli, na kofia ya bwana wa ofisi, na daftari lake. Nikasema, nikamwambia kuna wanawake wapitao pale kwenda kwa wagonjwa wao. Mamangu akafumba macho asikilize vizuri.

"Na ushoroba," akasema mama mkubwa. "Hukuutaja ushoroba."

"Niliutaja."

"Ulisemaje?"

"Upana wa mtu na ndoo."

"Naam," akasema. "Ndivyo."

Akamfunika mamangu miguu, akakausha mikono, akavaa buibui lake, akatoka kwa mlango wa mbele.